Gitaa la Nane

Mwezi uliopita niliwakabidhi ninyi wanafunzi wangu funguo za karakana, nanyi mkaniomba kitu kimoja tu: niwaandikie kurasa chache za kubandika ukutani, juu ya jiriwa kubwa, wateja wasome jinsi gitaa la kijiko lilivyoanza. Najua mlichokuwa mnategemea. Mlitaka ile hadithi ya sahani ya wali. Mmeisikia mara nyingi mpaka mnaisimulia vizuri kuliko mimi mwenyewe, na Tumaini huwa anaongeza maharage ambayo sikuwahi kuyataja. Basi nimekaa hapa nyumbani Tunduma, juu ya kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu na ambacho mguu mmoja unacheza, naandika. Lakini hadithi ya wali siiandiki. Ile ni uongo. Kila mlipoisimulia mbele yangu nilikuwa naona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyokuwa inanifanya niwagombeze bila sababu siku za wageni. Tumaini alidhani simpendi. Sivyo, mwanangu.

Kazi hii nilijifunza ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa mzee tuliyemwita Ba Chanda. Kutoka Tunduma unavuka kwa miguu tu, na shangazi yangu aliolewa upande ule, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Ba Chanda alikuwa anatengeneza banjo na magitaa kwenye kibanda cha bati nyuma ya bucha. Sikuelewa kwa nini fundi wa vyombo vya muziki akae nyuma ya bucha mpaka siku yangu ya kwanza, aliponipa ndoo ya mabaki ya ngozi ya ng'ombe akaniambia nichemshe. Nilichemsha miezi minne. Sikushika randa, sikushika patasi. Nilinuka kiasi kwamba shangazi alianza kunitolea chakula changu nje.

Ile ilikuwa ndiyo gundi yetu. Ngozi unailoweka kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yaachie, unaisuuza, unaichemsha kwa moto mdogo bila kuiacha itokote, unachuja kwa kitambaa, unaanika mpaka inakuwa vipande vikavu vya rangi ya asali. Siku ya kazi unavunja kipande, unakiloweka, unakipasha moto kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji. Halafu unachukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, unabana, unaachia. Ikivuta uzi kama wa buibui, iko tayari. Isipovuta, unarudi jikoni. Mimi nilikuwa narudi sana jikoni.

“Awe, iwe!” Ba Chanda alikuwa akisema, maana yake hapana, wewe. “Hayo bado maji. Unataka kuniua njaa?”

Alikuwa na sheria moja ambayo alikuwa akiirudia mpaka nikaichoka. Mnajua daraja la gitaa la kawaida, kile kipande cha mti kilichobandikwa kifuani, kwenye ubao wa mbele, ambacho nyuzi zote sita zimefungiwa. Pale ndipo penye vita. Nyuzi zinavuta mchana kutwa, usiku kucha, kama ng'ombe anayetaka kung'oa kigingi. Ba Chanda alikuwa anaugonga ule mti kwa ukucha na kusema, “Kwingine weka gundi unayotaka. Mbavuni weka, kichwani weka, weka hata uji. Hapa weka ngozi.” Siku alipokufa nilikuwa nimeshaondoka kwake miaka mingi, na sheria ile nilikuwa nimeshaivunja. Nashukuru hakujua, na kushukuru kwenyewe kunanitia aibu.

Karakana yangu ya kwanza ilikuwa Nanyala, Mbozi, pembeni ya barabara kuu. Malori yakipita, patasi zilikuwa zinatembea zenyewe mezani. Mninga kwa mgongo na mbavu, na kwa kifua nilitafuta mbao za dari za nyumba zilizobomolewa, kwa sababu mbao iliyokaa miaka arobaini juu ya moshi wa jiko haina tena unyevu wa kukusumbua. Unaishika kwa vidole viwili pembeni, unaigonga katikati, unasikiliza. Mbao nzuri inakujibu. Mbaya inasema “pu” na kunyamaza, hiyo tengenezea meza.

Wateja wa siku zile walikuwa kwaya na walevi, na walevi ndio waliotunza magitaa vizuri zaidi. Niliwahi kuletewa gitaa ambalo kuku alikuwa ametagia ndani, na mwenyewe akataka nitoe mayai bila kuyavunja kabla sijagusa kitu kingine. Niliwahi kuletewa lingine ambalo kiongozi wa kwaya alilimiminia vanishi ndani kupitia tundu, kopo zima, ili sauti iteleze. Bwana mmoja wa Mbangala alifunga waya za breki za baiskeli badala ya nyuzi, akazikaza mpaka shingo ikapinda kama upinde, kisha akaniuliza kama nimemuuzia gitaa au mtego wa ndege. Nilikuwa nacheka na watu hawa, na jina langu likakua. Watu wa Mbozi walikuwa wakisema ukitaka gitaa lisilobanduka, nenda Nanyala. Lisilobanduka. Neno hilo nilikuwa nalipenda mno.

Ndipo akaja Mwalimu Gidioni Simbeye kutoka Chitete. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, mrefu, mwembamba, mpole wa kuongea, na ananizidi miaka michache. Kwaya yake ilikuwa imelima shamba la ufuta misimu miwili ili wapate magitaa manane ya kwao wenyewe, waache kuazima. Alikuja na kamba aliyopimia mikono ya wapigaji wake wote. Alikuwa ameweka mafundo manane, na kila fundo alijua ni la nani.

“Hili la Yusta,” aliniambia akishika fundo la kwanza. “Ana mkono mdogo, Fundi, usimtengenezee shingo nene. Atakata tamaa.”

Sijawahi kumpata mteja kama yule tena. Alitaka magitaa yawe tayari kabla ya mkutano wa kwaya, mwezi wa kumi, ambao safari ile ulikuwa unafanyika kwao Chitete. Nikamwambia hakuna shaka.

Mwaka ule baridi ya mwezi wa saba ilikuwa mbaya Nanyala, ikakawia mpaka mwezi wa tisa. Ninyi mmezoea kazi ya Tunduma, na mna jiko la mkaa ndani, labda hamjui gundi ya ngozi inavyofanya kwenye baridi. Unaitoa koponi ikiwa moto, unapaka, na kabla hujafunga vibano imeshaganda kama mchuzi wa jana. Dawa yake inajulikana: unapasha mti wenyewe kwanza, unafunga mlango na madirisha, unabandika daraja moja, unaliacha mpaka kesho yake, ndipo unashika la pili. Madaraja manane, siku nane, kama hakuna litakalogoma. Mimi nilibandika la kwanza likagoma. Nikalikwangua, nikabandika tena, likagoma. Nilikuwa nimeshachelewa kwa sababu nilipokea kazi za watu wengine katikati, tamaa tu. Basi nikatembea mpaka dukani nikanunua gundi nyeupe ya chupa, ile ya kubandikia makabati.

Sikukosea kwa kutojua, na hapo ndipo mzigo ulipo. Nilijua kabisa. Gundi ya chupa inashika vizuri sana kwenye ubaridi wa Mbozi, unaweza kumpa mteja gitaa akakaa nalo mwaka mzima akikusifu. Lakini ikipata joto inalainika, na Chitete ni bondeni, mwezi wa kumi kule bati linawaka. Nilisimama na chupa mkononi nikajiambia watayaweka kivulini. Nilibandika madaraja yote manane siku mbili. Yakapendeza. Mwalimu alipokuja kuyachukua alilipiga kila moja, akafika kwenye gitaa la Yusta akatabasamu kama mtoto, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Habari ya mkutano niliipata kwa watu waliotoka huko. Kwaya za wageni zilikuwa zimekaa, wenyeji wakasimama kufungua kwa wimbo wao, magitaa mapya mbele. Kwenye ubeti wa pili daraja la kwanza likaruka. Likafuata la pili. La tatu liliachia upande mmoja, likanyanyuka taratibu watu wakiliangalia, nyuzi zikalegea, na yule binti aliyelishika akaendelea kuchapa nyuzi zisizotoa sauti kwa sababu hakujua afanye nini. Binti huyo alikuwa Yusta. Wageni walicheka. Kwaya iliyolima ufuta misimu miwili ikakaa chini bila kumaliza wimbo, na kabla ya jioni madaraja yote manane yalikuwa yameachia.

Baada ya siku chache wakanijia Nanyala asubuhi, Mwalimu Gidioni pamoja na mzee wa kanisa, Mzee Sinkala, wakiwa na magitaa saba. La nane Mwalimu alisema atalileta baadaye. Nikawakaribisha nje kwenye benchi, mke wangu akawaletea chai na viazi, nikasema, “Ngoja niyaangalie kwanza ndani.”

Sasa nisomeni vizuri hapa. Gundi ya ngozi ikiachia, inaacha unga wa kahawia, mkavu, unaovunjika. Gundi ya chupa inaacha ngozi nyembamba inayong'aa, inayovutika, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Mtu yeyote akiona ile ngozi, hata asiye fundi, atauliza ni nini. Nilichukua patasi ya robo inchi, nikaanza kuikwangua gitaa moja baada ya jingine, upande wa kifua na upande wa daraja, na vipande nikawa navitia mfukoni mwa aproni. Walikuwa hatua sita kutoka kwangu, ukuta wa mabanzi katikati. Nilikuwa nawasikia wanavyopuliza chai. Kwa haraka nilijikata kidole, damu ikamwagikia kifua cha gitaa moja, nayo nikaikwangua. Nilikuwa fundi mtu mzima, mwenye watoto.

Nilipotoka nikauliza, kwa sauti ya daktari, “Magitaa haya yalikuwa yanakaa wapi?”

“Nilikuwa nayafungia ofisini shuleni, Fundi,” Mwalimu akajibu. “Yasiibiwe.”

“Ofisi ya bati au ya nyasi?”

“Ya bati.”

“Haya,” nikasema, nikamtazama Mzee Sinkala.

Sikusema neno jingine, halikuhitajika. Nyumba karibu zote za Chitete ni za bati, angeyaweka wapi? Lakini Mzee Sinkala akatikisa kichwa, akamgeukia mwenzake. “Mwalimu, chombo ambacho watu wamekilimia, unakwenda kukipika?” Mwalimu Gidioni akanitazama mimi. Hakutazama chini kama mtu mwenye kosa. Alinitazama muda mrefu kidogo, akaweka kikombe chini, akasema, “Basi nimekosea. Fundi ayatengeneze.”

Wakamvua uongozi wa kwaya Jumapili iliyofuata. Nilisikia alikaa viti vya nyuma tangu hapo. Mimi nikayabandika yale saba kwa gundi ya ngozi, siku saba, dirisha limefungwa, jinsi nilivyofundishwa. Yakarudi Chitete, yakafungiwa ofisini mle mle, chini ya bati lile lile, na hayakubanduka tena. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje. Mimi nilikuwa najiuliza kila mwezi wa kumi.

Miaka miwili baadaye nikaalikwa harusi Mbangala, upande wa bibi harusi. Mchana, baada ya chakula, nikasikia gitaa nyuma ya turubai. Sauti ilikuwa kavu, kali, inapita katikati ya kelele zote za harusi bila spika wala umeme. Nilikuwa sijawahi kusikia gitaa la mbao likisema namna ile. Nikafuata. Nikamkuta Mwalimu Gidioni amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anawapigia ndugu zake, na mikononi ana gitaa la nane.

Hakulibandika. Daraja lilikuwa limesimama tu kifuani bila gundi yoyote, limekandamizwa na nyuzi. Na nyuzi hazikuishia pale. Zilipita juu ya daraja zikaenda mpaka kitakoni, zikafungwa kwenye kijiko cha kulia chakula. Mpini wa kijiko ameukunja ukashika ukingo wa gitaa kwa skrubu, na kichwa cha kijiko amekigonga kikawa bapa, akakitoboa matundu sita. Nilielewa palepale. Nyuzi hazivuti tena daraja kulibandua, zinalikandamiza. Joto lije, baridi ije, hakuna gundi ya kulainika. Ba Chanda, na banjo zake zenye daraja la kusimama tu, hakuwahi kuliwazia hilo kwenye gitaa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini kazini na sikuwahi kuliwazia. Mwalimu wa shule aliyeharibiwa jina na mimi, akiwa na gitaa nililomharibia mimi, akaenda jikoni kwa mkewe akachukua kijiko.

Akaniona. Akaninyooshea gitaa. “Jaribu, Fundi.”

Nikalipiga kidogo. Nikaligeuza, nikapima kwa jicho, urefu wa kijiko, pembe ya nyuzi, nafasi ya matundu. Nikamwambia, “Umebuni, Mwalimu.” Nikamrudishia. Nafasi ya kusema lile lingine ilikuwa palepale, na hakukuwa na mzee wa kanisa karibu. Nikaenda kunywa soda.

Wiki hiyohiyo nilianza kulitengeneza la kwangu. Kukipinda kifua kidogo ili kibebe mkandamizo, hilo ni langu, nakiri bila unyenyekevu wa uongo. Kabari mbili za mti wa mbuni chini ya daraja, za kupandisha na kushusha nyuzi, ni zangu pia. Lakini mnajua wenyewe, ukiondoa kijiko hakuna gitaa la kijiko. Likanitoa Nanyala likanileta Tunduma, likavuka mpaka, kwaya za Nakonde zikalitaka, watu wa maonyesho wakalitaka. Siku mtangazaji wa redio alipokuja na kuniuliza wazo lilitoka wapi, jina la Mwalimu Gidioni lilikuwa kwenye ulimi. Kisha nikafikiri, akiulizwa Mwalimu kwa nini alilazimika kulitengeneza upya gitaa la fundi wa Nanyala, atasema nini? Nikasema, “Nilikuwa nakula wali, nikakiangalia kijiko, wazo likaja.” Mtangazaji akacheka sana. Ndivyo hadithi ya wali ilivyozaliwa, na ninyi mkairithi pamoja na randa zangu.

Nilipowakabidhi funguo na mkaniomba kurasa za ukutani, sikulala vizuri siku kadhaa. Hadithi ya kusema kwa mdomo inapita. Ya kubandika ukutani inabaki, na ingebaki kwa mkono wangu. Nikapanda gari kuteremka Chitete.

Nilimkuta Mwalimu Gidioni uani kwake, amestaafu zamani, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia. Akaita ndani, “Mama Eliya, tuna mgeni, fundi wa magitaa,” na mkewe akatoka, akanipa mkono, akarudi ndani bila kusema kitu. Nilikuwa nimejipanga maneno mengi njia nzima. Nikasema machache tu. “Mwalimu, yale magitaa hukuyaharibu wewe. Nilibandika kwa gundi ya chupa. Nilijua. Na siku ile nilikuwa ndani nakwangua ushahidi.”

Hakushtuka. Aliweka gunzi chini, akaenda ndani, akarudi na gitaa la nane. Akalegeza nyuzi moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka daraja likalala. Akaliinua. Chini yake, kifuani, ngozi ya gundi ilikuwepo, imekuwa ya njano kidogo lakini nzima kabisa. Akaivuta pembeni kwa ukucha ikavutika.

“Nilijua siku ileile,” akasema. “Ulikawia ndani, na patasi tulikuwa tunaisikia. Mzee Sinkala alidhani unaanza kazi. Mimi nilikuwa nimeshaiona hii nyumbani, ndiyo maana la nane sikulileta.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema mbele ya Sinkala, angebeba magitaa yote tuondoke. Tungeyapeleka wapi? Fundi wa magitaa ulikuwa wewe tu. Watoto wangekaa bila.” Akaanza kufuta vumbi kifuani kwa kiganja. “Nikadhani utakuja kusema mwenyewe. Nikakupa wiki. Nikakupa mwezi. Harusini Mbangala nikakupa gitaa lenyewe mkononi. Halafu nikakusikia redioni unakula wali.”

Nikamwambia nitafanya lolote, nikaomba nimlipe, nikaomba angalau nilisafishe lile gitaa na kulibandika upya jinsi inavyotakiwa. Akanikatalia yote, na la gitaa alinikatalia kwa ukali, akaliweka upande wa pili wa kiti chake nisilifikie. “Sinkala amekufa akinihurumia kwa uzembe nisioufanya,” akasema. “Kama unataka kusema, kasemee pale waliponivua uongozi. Kesho ni Jumapili.”

Nikalala kwao. Kesho yake, muda wa matangazo, nikasimama mbele ya kanisa la Chitete nikasema yote, gundi, patasi, kijiko, redio. Nilitegemea minong'ono, nilitegemea hata mtu atoke nje. Nilipomaliza wakapiga makofi. Wengi ni vijana, kisa chenyewe hawakijui, na mchungaji wao ni kijana pia. Akanishika bega akasema ni watu wazima wachache wenye moyo wa toba kama huu, akaomba kanisa linipigie vigelegele. Kwaya ikaniimbia. Mwalimu Gidioni alikuwa safu ya nyuma, mahali alipozoea, na sikuona mtu aliyegeuka kumtazama. Mama Eliya peke yake hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa juu ya Biblia, ananitazama.

Sasa ya kazi, kwa sababu ninyi ni mafundi na karatasi hii ni ya ukutani. Ondoeni lebo za jina langu ndani ya magitaa ya kijiko ambayo hayajauzwa. Andikeni: limebuniwa na Gidioni Simbeye wa Chitete. Mkitengeneza gitaa la daraja la kubandika, wekeni ngozi, na mkiona baridi imezidi, mwambieni mteja asubiri. Akikasirika, akasirike. Tumaini, ukiulizwa habari ya wali, sema fundi alidanganya.

Tulipotoka kanisani tulirudi kwao kula. Nilitembea nyuma ya Mwalimu njia nzima, na watu walikuwa wananisimamisha mimi, wananipa mkono mimi, mama mmoja akaniomba nimwombee mwanawe. Yeye alikuwa anasimama pembeni kunisubiri kama mtu aliyesindikiza mgeni maarufu. Tukakaa uani. Mama Eliya akatunawisha, akaweka mbele yangu sahani ya wali, na juu ya wali kijiko.

Nilikitazama. Sikuweza kukishika. Mwalimu Gidioni alikuwa ameshaanza kula, akatafuna, akameza, akanionyesha sahani yangu kwa kidevu.

“Kula, Fundi,” akasema. “Ila hicho kijiko usikiangalie sana. Nina hivyo vinne tu.”

Mama Eliya akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Nikakiondoa juu ya wali nikakiweka mkekani, upande wa mwenyewe, nikala kwa mkono.